Miundombinu Fungamano: Istilahi za Vituo vya Data kwa Matumizi ya Ofisi

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza aina moja ya mitambo ya kompyuta ambayo imekuwa ikitajwa mara kwa mara katika maandiko ya zabuni, ya mafunzo na ya bajeti, na kupendekeza istilahi za Kiswahili zitakazomwezesha mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuizungumzia pasipo kubabaisha. Mafundi huitaja mitambo hiyo kwa kifupi cha HCI, au huitamka kwa mkato "haipakonvajidi". Kifupi hicho hakimsaidii msomaji, maana herufi hizohizo tatu hutumika pia katika taaluma nyingine ya kompyuta, ile ichunguzayo jinsi binadamu anavyotumia mashine. Matamshi ya kukopa nayo hayamwambii lolote mtu asiyejua Kiingereza, na hata yule akijuaye aghalabu hukisia tu.

Tumeona vema kuutazama mjadala huu kutoka Bariadi na mkoa wa Simiyu kwa jumla, badala ya kuutazama kutoka Dar es Salaam kama ilivyo kawaida. Simiyu ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Nne za kwanza zimetokana na eneo lililokuwa la mkoa wa Shinyanga, na ya tano na eneo lililokuwa la mkoa wa Mwanza. Watu wake walio wengi ni Wasukuma, na zao lao kuu la biashara ni pamba. Katika mkoa wa namna hii neno la kitaalamu hupitia lugha tatu. Hutoka katika kitabu cha mitambo likiwa la Kiingereza, huingia kikaoni likiwa la Kiswahili, na uamuzi uliopitishwa juu yake huenda ukaelezwa kijijini kwa Kisukuma. Neno lisilo na maana katika hatua ya pili haliwezi kupata maana katika hatua ya tatu. Hapo ndipo istilahi inapojaribiwa kweli.

2. Uzito wa jina

Huenda msomaji akauliza: je, kuna haja gani ya kuhangaikia jina la mtambo ambao mafundi wachache tu ndio watakaougusa? Jibu ni kwamba mafundi huugusa, lakini si wao wanaouidhinisha. Fedha za halmashauri hupitishwa na madiwani, na madiwani hujadili kwa Kiswahili. Kiwanda cha kuchambua pamba huongozwa na meneja na mhasibu. Chama cha ushirika cha msingi huongozwa na bodi iliyochaguliwa na wakulima. Hao wote ndio watiao saini. Mtu akitia saini kununua kitu asichoweza kukitaja kwa lugha yake, hawezi pia kuuliza kama kitu hicho ndicho alicholetewa.

Nchi yetu inayo historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa sababu ya matatizo ya hesabu yaliyofuata katika mifumo ya wizara hiyo, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo lilikwisha kuondolewa zamani, lakini funzo lake halijachakaa: mashine inunuliwayo bila kueleweka na wale wanaoitegemea huishia kuwa hasara, na lawama huangukia mashine yenyewe.

Siku hizi mambo yamewekewa taratibu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, nayo husimamia miradi ya tehama ya taasisi za umma. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo humbana kila mwenye kutunza taarifa za watu, iwe ni hospitali, benki au chama cha akiba na mikopo. Maana yake ni kwamba mgogoro wa mkataba wa kompyuta unaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, na hakimu atataka kujua kila neno la mkataba lina maana gani. Mfasiri aliyebabaisha neno leo atakuwa amemwandalia wakili wa kesho mahali pa kubishania.

3. Kitu chenyewe

Haifai kutafuta jina kabla ya kukifahamu kitu. Kwanza tuanze na kituo cha data. Hiki ni chumba au jengo ambamo hutunzwa kompyuta zihudumiazo kompyuta nyingine, pamoja na umeme wake wa akiba, viyoyozi vyake na ulinzi wake. Baadhi ya maandiko yamekiita "kituo cha kutunza kumbukumbu". Jina hilo halikosi maana, lakini huchanganyika na ofisi ya nyaraka, ambayo kazi yake ni kuhifadhi majalada. Kituo cha data hakihifadhi tu. Hukokotoa, hupokea malipo na hujibu maswali usiku na mchana. Kwa hiyo twaliona neno "kituo cha data" kuwa bora.

Katika kituo cha data cha mtindo wa zamani kuna matabaka matatu. Tabaka la kwanza ni seva, yaani kompyuta zifanyazo kazi ya kukokotoa. Tabaka la pili ni swichi na nyaya za mtandao wa pekee uunganishao seva na hifadhi. Tabaka la tatu ni kabati la diski, yaani hifadhi ya pamoja ambayo seva zote huitegemea. Kila tabaka huweza kuwa na mtengenezaji wake, mkataba wake wa matengenezo na fundi wake. Ikiwa mfumo umezorota, fundi wa seva humlaumu fundi wa diski, naye wa diski humlaumu fundi wa mtandao.

Juu ya seva hizo huwekwa mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina kumbukumbu yake, diski yake na programu zake, ijapokuwa hakuna chuma kilichotengwa kwa ajili yake peke yake. Fikra hii si mpya. Kampuni ya IBM iliuza mfumo wa namna hiyo, VM/370, tangu mwaka 1972, na kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo iliyoueneza katika kompyuta za kawaida za biashara.

Mitambo tunayoizungumzia huyavunja yale matabaka matatu. Hakuna tena kabati la diski la peke yake. Kila seva hupewa kichakato, kumbukumbu na diski zake yenyewe, kisha programu huzikusanya diski za seva zote na kuzifanya zionekane kama hifadhi moja. Seva moja ya namna hii tunapendekeza iitwe "kifundo", na kundi la vifundo vifanyavyo kazi kama kitu kimoja liitwe "kishada". Kila kipande cha data huandikwa katika vifundo viwili au vitatu tofauti, ili kifundo kimoja kikizimika, kingine kiendelee kujibu. Haja ya kupanua ikitokea, huongezwa kifundo kingine.

Asili ya mtindo huu ni kampuni kubwa za mtandao. Google, kwa mfano, ilichapisha mwaka 2003 maelezo ya mfumo wake wa kutunza mafaili katika kompyuta nyingi za bei nafuu, ikitarajia tangu mwanzo kwamba kompyuta hizo zitaharibika mara kwa mara. Mmoja wa wahandisi wa mfumo huo alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Nutanix mwaka 2009, ambayo ilianza kuuza mitambo ya aina hii mwaka 2011. VMware ilitoa programu yake ya vSAN mwaka 2014. Zipo pia programu huria, kama vile Proxmox ikitumiwa pamoja na Ceph, ambazo taasisi yenye fundi hodari inaweza kuzitumia bila kununua leseni.

Kwa msomaji wa Simiyu mfano wa karibu ni kihenge. Tuseme kijiji kina ghala moja kubwa, na kila kaya hulima shambani kwake kisha hupeleka nafaka ghalani kwa barabara moja. Ghala likiungua, au barabara ikikatika, kaya zote hushinda na njaa. Hayo ndiyo matabaka matatu. Sasa tuseme kila kaya ina shamba lake na kihenge chake uani, lakini wamekubaliana kwamba vihenge vyote vihesabiwe kuwa akiba moja ya kijiji, na kwamba kila kaya iweke uani kwake sehemu ya akiba ya jirani. Kihenge kimoja kikianguka, hakuna atakayelala na njaa. Huo ndio mtindo mpya. Hata hivyo mfano una mpaka wake: gunia moja haliwezi kuwa katika vihenge viwili kwa wakati mmoja, lakini data huweza, kwa kuwa hunakiliwa. Tutaona hivi punde kwamba tofauti hiyo ndiyo iletayo hatari kubwa ya tafsiri.

4. Kuchagua jina

Sehemu moja ya jina tunayo tayari. "Miundombinu" ni neno lililokwisha kuzoeleka kwa barabara, reli, maji na umeme, na hakuna sababu ya kulikataa kwa kompyuta. Wenzetu wa Kenya husema "miundomsingi". Mfasiri aandikaye kwa ajili ya nchi zote mbili yampasa alijue hilo na achague moja tangu ukurasa wa kwanza. Tatizo letu limo katika sifa ifuatayo neno hilo. Tumepima njia tano.

Njia ya kwanza ni kutohoa: "miundombinu haipakonvajidi". Utohozi si dhambi. Seva, diski, data na programu ni maneno ya kutohoa, na hakuna anayeyalalamikia. Lakini hayo ni mafupi na hutaja vitu vishikikavyo au vitumikavyo kila siku. Neno refu la kutohoa lililo sifa tupu humlazimisha msomaji kulikariri kama jina la dawa.

Njia ya pili ni tafsiri sisisi: "miundombinu iliyoungana kupita kiasi". Hapa kiambishi cha Kigiriki kilicho mwanzoni mwa jina la kigeni kimefasiriwa neno kwa neno. Kwa Kiswahili, lipitalo kiasi ni baya. Diwani akisoma kwamba mitambo imeungana kupita kiasi, atauliza kwa nini isipunguzwe. Yafaa tukumbuke kwamba Kiswahili hakijapata kukifasiri kiambishi hicho kwa namna moja: madaktari husema "shinikizo la juu la damu", na wachumi hutafuta maneno mengine kwa mfumuko wa bei uliokithiri. Kinachofasiriwa ni kazi ya neno, wala si umbo lake.

Njia ya tatu ni "miundombinu jumuishi". Neno hili lavutia, kwani lina maana ya kukusanya pamoja. Lakini mwalimu yeyote atakapolisikia atakumbuka "elimu jumuishi", yaani elimu impokeayo kila mtoto pamoja na mwenye ulemavu. Istilahi hiyo imekwisha kushika mizizi na ina kazi kubwa. Kuipa kazi nyingine ni kuidhoofisha.

Njia ya nne ni "miundombinu changamano". Wanasarufi hutumia "sentensi changamano" kwa sentensi yenye kishazi tegemezi, na nje ya sarufi neno hilo limechukua maana ya kitu chenye utata. Ni ajabu kukiita changamano kitu ambacho sifa yake ya kwanza, kwa maneno ya wakiuzao, ni kupunguza utata.

Njia ya tano ni kutumia tofauti iliyomo tayari katika vitenzi vyetu, kati ya kuambatana na kufungamana. Vitu vilivyoambatana vimewekwa pamoja, lakini kila kimoja hubaki kamili. Ndiyo maana "sentensi ambatano" ni sentensi mbili zilizounganishwa, na kila moja yaweza kusimama peke yake. Vitu vilivyofungamana vimeshikana hata kimoja hakiondoki bila kukilegeza kingine. Neno hili si geni kwa wananchi: kwa miaka mingi tumesikia habari za nchi zisizofungamana na upande wowote, ambazo zilifanya mkutano wao wa kwanza mjini Belgrade mwaka 1961.

Tofauti hiyo inalingana barabara na tofauti iliyoko katika soko la mitambo. Kabla ya mtindo huu ulikuwapo mwingine, ambao seva, swichi na kabati la diski viliuzwa vikiwa vimekwisha kufungwa katika fremu moja na kujaribiwa na muuzaji, lakini kila kimoja kilibaki kitu kamili. Hiyo tunapendekeza iitwe "miundombinu ambatano". Ile ambayo hifadhi na ukokotoaji vimo katika kifundo kilekile, na haviwezi kutenganishwa, iitwe "miundombinu fungamano". Na ile ya zamani iitwe "miundombinu ya matabaka matatu". Kwa maneno matatu mafupi msomaji anapata historia nzima ya mambo haya, na hahitaji kamusi.

Liko pingamizi moja tunalotaka kulijibu. Huenda mtu akasema kwamba "fungamano" lanuka kufungwa, na kwamba mnunuzi ataogopa kufungwa na muuzaji mmoja. Sisi twaona kwamba hofu hiyo ina haki yake. Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na muda mfupi baadaye uuzaji wa leseni za kudumu ukakomeshwa, wateja wakatakiwa kulipia kwa muhula. Taasisi ambazo hesabu zao zilitegemea leseni ya kudumu zilibidi zipige hesabu upya. Jina limkumbushalo mnunuzi kuuliza "Nikitaka kutoka, nitatokaje?" si jina baya.

5. Nakala pacha si nakala akiba

Sasa twafikia neno ambalo likikosewa laweza kuiletea ofisi hasara isiyolipika. Tumesema kwamba miundombinu fungamano huandika kila kipande cha data katika vifundo viwili au vitatu. Katika Kiswahili cha kompyuta limeenea neno "nakala rudufu", na wengi hulitumia kwa nakala iwekwayo kando ili irejeshwe mambo yakiharibika. Lakini "rudufu" maana yake ni maradufu tu. Kwa hiyo mfasiri anayekuta maelezo kwamba data huandikwa mara mbili ndani ya kishada, huandika bila kusita: "Mfumo huhifadhi nakala rudufu za data zote." Kila neno la sentensi hiyo laweza kutetewa, na bado sentensi yenyewe hupotosha.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hospitali moja ya wilaya. Bodi yasoma sentensi hiyo na kuuliza: "Ikiwa nakala rudufu zimo tayari, ya nini kununua mtambo mwingine wa kutunzia nakala?" Fungu hilo lakatwa. Miezi sita baadaye mtumishi afuta kwa bahati mbaya kabrasha la wagonjwa. Mfumo, kwa utii kamili, wafuta kabrasha hilo katika vifundo vyote kwa dakika hiyohiyo, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha kwamba nakala zote zinafanana. Hali kadhalika ikiwa kirusi kimeyafunga mafaili ili kudai fidia, mafaili yaliyofungwa ndiyo yatakayonakiliwa. Kinga dhidi ya kuharibika kwa chuma si kinga dhidi ya kosa la mtu wala dhidi ya uovu wake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza maneno mawili, na tunawasihi wafasiri wasiyachanganye. "Nakala pacha" ni ile iliyomo ndani ya kishada, izaliwayo na kufa pamoja na mwenzake. "Nakala akiba" ni ile iliyotengwa, ya tarehe inayojulikana, iliyowekwa nje ya kishada na ikibidi nje ya jengo, ambayo hubaki ilivyo hata data asili ikibadilika. Mkulima hahitaji kufafanuliwa zaidi: akiba ya mbegu haitiwi katika chungu cha chakula. Katika hati za ununuzi, neno "nakala rudufu" likiwamo, yafaa mfasiri arudi kwa mwandishi amuulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Tofauti hii ina athari pia katika hesabu ya nafasi. Tuseme kishada kina vifundo vinne, na kila kifundo kina diski za terabaiti 10. Tangazo la muuzaji litasema terabaiti 40. Lakini yapasa kuacha nafasi ya kifundo kimoja, ili kikiharibika data yake ipate pa kujengwa upya, zabaki 30. Kila kipande huandikwa mara mbili, zabaki 15. Ikiwa ofisi imetaka nakala pacha tatu, zabaki 10. Ziko njia za kubana data zinazoweza kuongeza nafasi kiasi fulani, lakini mwandishi wa zabuni hapaswi kuzitegemea kabla hazijapimwa. Kwa hiyo tunapendekeza "ujazo ghafi" kwa ile 40, na "ujazo halisi" kwa ile 15 au 10. Zabuni iandike ujazo halisi.

6. Maneno yaliyokuwamo kikaoni tangu zamani

Si kila istilahi huhitaji kuundwa. Kishada kina tatizo moja ambalo ufumbuzi wake kila diwani anaujua. Tuseme mtandao kati ya vifundo umekatika, na kila upande unadhani kwamba upande wa pili umekufa. Pande zote mbili zikiendelea kuandika, kutakuwa na vitabu viwili vya hesabu visivyopatana. Ili kuzuia jambo hilo, kishada hudai wingi: upande wenye vifundo zaidi ya nusu ndio pekee unaoruhusiwa kuendelea, na ule mwingine husimama. Kati ya vifundo vitatu lazima viwe viwili. Kati ya vitano lazima viwe vitatu.

Jina la sharti hili liko tayari: ni "akidi". Kama vile kikao kisichotimiza akidi hakiwezi kupitisha azimio, kishada kisichotimiza akidi hakiwezi kuandika. Na ofisi ndogo iliyonunua vifundo viwili tu, ambapo hapawezekani kuwa na walio wengi, huwekewa mtambo mdogo wa tatu mahali pengine, usiotunza data yoyote ila husema ni upande upi uliobaki hai. Huyo ni "shahidi". Mwalimu afundishaye mambo haya Bariadi au Mwanhuzi hana haja ya kuchora michoro mingi. Aseme akidi na shahidi, na wajumbe wataanza wenyewe kuuliza maswali.

Kukopa maneno kutoka katika maisha ya watu ni desturi ya zamani ya lugha yetu. "Ikulu" limetokana na Kinyamwezi na Kisukuma, likiwa makao ya mtemi, na leo ni makao ya Rais. "Ngitili", jina la Kisukuma la eneo la malisho lililohifadhiwa, limeingia katika maandiko ya maofisa wa misitu. Na "kihenge", ghala la kijijini, sasa ni jina la maghala makubwa ya chuma ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hakuna aliyechanganyikiwa kwa sababu kihenge cha chuma hakikusukwa kwa fito.

7. Mahali pafaapo na pasipofaa

Mfasiri mwema yampasa ajue pia mipaka ya kitu anachokifasiri, la sivyo ataandika tangazo badala ya maelezo. Miundombinu fungamano hufaa mahali penye mafundi wachache na mashine pepe nyingi za kawaida: mifumo ya hesabu, ya mishahara, ya mapokezi ya wagonjwa. Huchukua nafasi ndogo, na fundi mmoja huweza kuisimamia kwa programu moja. Kwa kiwanda kilicho mbali na miji mikubwa hilo si jambo dogo.

Lakini haifai kila mahali. Ofisi inayohitaji diski nyingi na ukokotoaji kidogo, kama vile itunzayo picha za video, italazimika kununua vichakato isivyovihitaji kila inapoongeza hifadhi, kwa kuwa viwili hivyo vimefungamana. Vifundo huzungumza daima kwa mtandao wao wa ndani, na mtandao huo ukiwa dhaifu kishada chote huwa dhaifu. Tena hakuna programu ishindayo umeme uliokatika: vifundo vitatu vilivyo katika chumba kimoja na kwenye betri moja vitazimika pamoja. Na kwa taasisi ndogo ya umma, aghalabu swali la kwanza si mitambo gani inunuliwe, bali kama inafaa kununua mitambo yoyote, ikiwa mfumo wake unaweza kuhifadhiwa katika kituo cha data cha serikali na kufikiwa kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Akidi: wingi wa vifundo unaohitajika ili kishada kiruhusiwe kuandika data.
Kifundo: seva moja yenye kichakato, kumbukumbu na diski zake, iliyo sehemu ya kishada.
Kishada: kundi la vifundo vifanyavyo kazi kama mtambo mmoja.
Kituo cha data: chumba au jengo lenye seva, pamoja na umeme, viyoyozi na ulinzi wake.
Leseni ya muhula: ruhusa ya kutumia programu kwa muda uliolipiwa, kinyume chake ni leseni ya kudumu.
Mashine pepe: kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi.
Miundombinu ambatano: seva, mtandao na hifadhi vilivyofungwa katika fremu moja, kila kimoja kikibaki kamili.
Miundombinu fungamano: mitambo ambayo ukokotoaji na hifadhi vimo katika vifundo vilevile, na programu huviunganisha kuwa kitu kimoja.
Miundombinu ya matabaka matatu: mitambo ambayo seva, mtandao wa hifadhi na kabati la diski vimetengwa.
Nakala akiba: nakala ya data ya tarehe maalumu, iliyotengwa nje ya kishada.
Nakala pacha: nakala ya data iliyomo katika kifundo kingine cha kishada, ibadilikayo pamoja na asili yake.
Shahidi: mtambo mdogo usiotunza data, usaidiao kutimiza akidi.
Ujazo ghafi: jumla ya nafasi ya diski zote.
Ujazo halisi: nafasi ibakiayo kwa matumizi baada ya kuondoa nakala pacha na akiba ya kifundo.

9. Tamati

Neno huwa hai linapotumika, wala haitoshi kulichapisha. "Kishikwambi" lilikuwa neno la kwenye orodha hadi Sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, na baadaye vifaa hivyo wakagawiwa walimu. Leo halihitaji kufafanuliwa katika shule yoyote ya Maswa au Itilima. Miundombinu fungamano haitapita nyumba kwa nyumba. Njia yake ni finyu zaidi: hati ya zabuni, muhtasari wa kikao, daftari la mafunzo. Watu waishikao njia hiyo ndio hasa wasomaji wa kurasa hizi.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi watakaokutana na mitambo hii wayajaribu maneno haya kazini, wayaseme mbele ya wajumbe wasio mafundi, na watuletee habari ya yale yaliyokwama. Hasa tungependa kusikia juu ya "nakala pacha" na "nakala akiba". Mengine yakikosewa, tutakuwa tumepoteza ufasaha. Hayo mawili yakikosewa, mtu atakuwa amepoteza kumbukumbu za wagonjwa wake.